Kwa Nini Uwanja wa Mlondo Umevimba Upande Mmoja

Hapo mwanzo uwanja wa Mlondo haukuwa na uvimbe, kwa kuwa hata uwanja wenyewe haukuwapo. Shule ya sekondari ya Mlondo ilikuwa imening'inia kwenye mteremko wa milima ya Taita kama nguo kwenye kamba. Mpira ukipigwa vibaya ulikwenda kuokotwa mtoni. Wanariadha nao walifanya mazoezi barabarani, huku wakikwepa malori ya mboga.

Palikuwa na tambarare moja tu, nayo ilikuwa malisho ya Mzee Mwadime. Mwalimu Chao, msimamizi wa michezo, alimwendea mzee huyo mpaka mbwa wake wakachoka kumbwekea. Mwomba chumvi huombea chunguche, naye mwalimu hakuona haya. Mwishowe mzee akasalimu amri.

"Nakupa siku moja, Mwalimu," alisema. "Chezeni. Ng'ombe wangu wakishinda salama, tutazungumza. Wakipata dhara, msikanyage tena nyasi zangu."

Mwalimu Chao aliteremka mlima akiimba. Wanafunzi wake hawakuwahi hata mara moja kushangiliwa nyumbani kwao, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kusema. Akaalika shule za jirani.

Chokaa hawakuwa nayo. Wanafunzi wakabeba majivu ya jikoni kwa ndoo, wakachora njia ya kukimbilia yenye kuzunguka uwanja, safi hata ukatamani kuitazama tu. Watoto wale walizaliwa na kulelewa kati ya ng'ombe, na bado hakuna aliyekumbuka kwamba ng'ombe akiona majivu haoni kingine. Mzee alikuwa amewafunga wake ng'ambo ya boma. Mmoja, jina lake Tunu, akakata kamba. Watu walipokuwa wamekodolea macho mchezo wa kuruka juu, yeye alikuwa akilamba mstari taratibu, mpaka akafika kwenye kona ya mbali.

Zikabaki mbio za kupokezana vijiti. Ndipo wakamwona Tunu amelala katikati ya njia, miguu ameinyoosha, akiguna.

"Amekula majivu!" msichana mmoja akapiga yowe. "Tumemuua ng'ombe wa watu!"

Mwalimu Chao aliuona uwanja ukienda zake, na kushangiliwa kukienda pamoja nao. Ni yeye aliyesema majivu yatatosha! Mzee Mwadime alikuwa tayari anakuja mbio, fimbo mkononi, kofia imemwanguka nyuma. Alipiga magoti kando ya ng'ombe, akampapasa tumbo, akazunguka nyuma yake. Mwalimu akatamani atukanwe yaishe.

"Nani kawaambia anakufa?" mzee akauliza. "Huyu anazaa. Hebu punguzeni kelele, mnamtisha."

Mwalimu Chao alijikuta ameketi chini kwenye nyasi, anacheka na machozi yanamtiririka, wala hakujali nani anamwona. Akawa kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi mgongoni.

Lakini wageni walikuwa na haraka. Malori yao yalikuwa yakingoja, na mwalimu wa shule moja akashauri ng'ombe aswagwe pembeni mbio zimalizike. Mzee alimtazama Mwalimu Chao. Mwalimu akainuka, akachukua ndoo ya majivu, akachora mstari mpya ukamzunguka Tunu kwa mbali, mzazi asibughudhiwe.

"Mtapita hapa," akawaambia wakimbiaji. "Na watazamaji, wakifika kwenye kona hii, hakuna kushangilia."

Mkawasi, aliyekimbia mwisho kwa upande wa Mlondo, alikuwa mbele ya wote alipofika pale. Akaona miguu ya ndama imetokeza, akajisogeza mbali zaidi ya mstari, akinyata badala ya kukimbia. Wengine wakampita. Mlondo ikashika mkia.

Mkawasi alikuja kwa mwalimu wake ameinamisha kichwa. Kabla hajaomba radhi, ndama alikuwa amesimama, anatetemeka, anatafuta chuchu. Mzee Mwadime akajifuta mikono kwenye nyasi.

"Mwalimu," alisema, "kesho waje tena kufanya mazoezi. Na kesho kutwa pia. Ila mstari huo uliouzungusha, usiufute."

Kelele zilizolipuka hapo zilimfanya Tunu ageuze kichwa. Mlondo nzima ilikuwa ikimshangilia Mkawasi, aliyeshika mkia.

Na tangu siku hiyo njia ya Mlondo imevimba kwenye kona ya mbali. Wageni hucheka, na wengine wamekuja na futi zao wakitaka kuinyoosha, wakarudi nazo. Wakimbiaji wakifika pale uwanja mzima hunyamaza, husikii ila nyayo. Wakishapita, watu hupiga vifijo, na anayeshangiliwa kuliko wote ni yule aliye nyuma kabisa.