Saa ya Kinyozi na Tui Lililokatika

Yupo kijana mmoja, ndugu zangu. Msianze kugeuka kutazamana, sijamtaja mtu. Ana shahada ya sayansi ya chakula, second class upper, na mwaka wa nne huu hana kazi. CV yake imetolewa fotokopi mpaka picha ya pasipoti pale juu imekuwa nyeusi tii, akiitazama mwenyewe hana hakika kama ni yeye. Kila ofisi inamjibu neno lilelile: "Experience." Experience ataitoa wapi? Inauzwa dukani kwa Mangi, kwa robo kilo?

Siku moja simu ikaita. Kuna mama mwenye mgahawa mkubwa, ule wa vyakula vya mseto, ambako samaki wa kupaka, wali wa Kijapani na kachumbari ya Kikorea wanakaa sahani moja na kuelewana kuliko kwaya yetu na kamati ya ujenzi. Mama huyo anatafuta msimamizi wa jiko, mtu wa kuonja kila sufuria kabla chakula hakijatoka. Na usaili wake haufanyiki ofisini. Anakuita mezani, mnakula.

"Njoo kesho saa moja jioni," akamwambia. "Uje na njaa."

Sasa, kijana huyu ulimi anao. Mama yake mzazi ni mpishi wa shughuli, masufuria ya watu mia tatu. Alianza kuonja mchuzi kabla hajajua kuandika jina lake. Kama iko kazi duniani iliyokatwa kwa kipimo chake, ni hiyo. Akajiapiza: hii siiachi. Hata ikibidi nitambae, hii siiachi.

Uamuzi mzuri. Haya, hatua yake ya kwanza ilimpeleka wapi? Kwa mama yake, akakumbushwe mambo ya jikoni? Kwenye madaftari ya chuo? Thubutu! Alikwenda kwa kinyozi.

Kinyozi wa mtaa alimnyoa vizuri, akafunga mlango, akavuta droo ya chini kabisa. Akatoa saa. Saa ya dhahabu, ya Uswisi, nzito kama kufuli la ghala, aliyoachiwa na mteja mmoja wa zamani.

"Dogo, nisikilize," akasema. "Matajiri hawasomi CV. Wanasoma mkono. Hii nakuazima wewe tu, kwa mapenzi. Usimwambie mtu."

"Mungu akubariki, kaka. Ila kubwa, inacheza."

"Acha icheze. Halafu vaa kulia."

"Kulia? Watu si wanavaa kushoto?"

"Wewe msomi gani? Si unakwenda kula! Mkono wa kushoto utakuwa chini ya meza. Huko nani ataiona, paka?"

Mnacheka. Lakini kijana alipima hoja ile akaona ina akili. Dress for success! Fake it till you make it! Si ndiyo tunayolishwa kwenye semina za vijana, na biskuti mbili na soda?

Akafika. Mama mwenye mgahawa amevaa kitenge na makubazi, umri wa mama yake. Na kijana wetu, ambaye tangu azaliwe hajampita mtu mzima bila shikamoo, akanyoosha mkono wenye saa akasema, "Good evening, madam. It's a pleasure."

Mama akamtazama juu mpaka chini.

"Marahaba," akajibu.

Mwenye kusikia amesikia. Kijana hakusikia. Alikuwa anatazama kama taa inaigonga dhahabu sawasawa.

Wakakaa. Mama mwenyewe akashika birika na beseni amnawishe, maana utaratibu wa nyumba ile kila kitu kinaliwa kwa mkono, uwe balozi uwe nani.

"Vua saa, mwanangu, italoa."

"No worries, madam. It's waterproof."

Je, alijua? Hakujua. Ila aliona akiivua tu, atabaki yule wa uswahilini mwenye picha nyeusi kwenye CV. Akanawa nayo.

Samaki akaletwa, ameogelea kwenye tui, na wali wa kunata pembeni. Kijana akamega, akachovya, akatia kinywani. Palepale ulimi ukamwambia: hapana. Tui limekatika. Lina vipunje, mafuta yamejitenga, hapa moto ulikuwa mkali na mtu aliacha kukoroga. Ulimi haukunong'ona, ndugu zangu. Ulipiga kelele.

"Unaonaje?" mama akauliza.

Na kijana akawaza: mwenye saa kama hii hulalamikia mchuzi? Mwenye saa kama hii amezoea meza hizi, amekula Dubai, amekula Paris, yeye ni wa kutikisa kichwa taratibu tu.

"Amazing. Very authentic."

"Na mchuzi?"

"Perfect, madam. Perfect."

Akainama kuchota tena. Saa ikateleza, ikapita kifundo, ikazama kwenye tui, chubwi! Akaiopoa inachuruzika mafuta mpaka ndani ya mkono wa shati. Akaipangusa kwa kitambaa cha meza, haraka haraka, huku anatabasamu. Lakini kuiweka kando? Thubutu, akairudisha mkononi.

Mama akaacha kula.

"Mwanangu, hiyo saa naifahamu," akasema. "Ina mkwaruzo hapo juu ya kioo. Jumanne ilikuja hapa na kijana mrefu. Jana ikaja na mwingine, mwenye miwani. Leo imekuja na wewe. Mchuzi huu nauharibu mwenyewe, kusudi, kila siku ya usaili. Na saa hiyo nimeshaifanyia usaili mara tatu, na mara zote tatu imeniambia mchuzi ni perfect. Sasa nakuuliza: wewe unakuja lini?"

Kijana akatupia jicho mlango. Mlango ulikuwa hatua nane tu. Angeweza kuinuka, aende akamkabe kinyozi shingo, maisha yaendelee. Lakini alikuwa amejiapiza. Akaifungua ile saa, akaisukuma kando ya chupa ya pilipili, akauchukua mchuzi kwa kidole kimoja, akaonja upya kama anavyoonja kwa mama yake.

"Mama, tui hili limekatika. Moto ulikuwa mkali, hakuna aliyekoroga, halafu ndimu imetiwa mapema, ndiyo iliyolimaliza. Samaki hana kosa. Lakini sufuria hii ningekuwa mimi, haitoki jikoni."

"Ungefanyaje?"

"Nipe nazi mbili na jiko. Nusu saa."

Akapewa nazi, akapewa jiko. Na kazi akaipata.

Shusheni mikono. Msipige makofi, sijamaliza.

Mimi nawauliza habari za wale wawili. Yule wa Jumanne na yule wa jana. Mnadhani wao hawakusikia kwamba tui limekatika? Walisikia! Ulimi walikuwa nao, shule walikwenda, usiku wa mitihani walikesha. Wako wapi leo? Wako nyumbani, wamekaa kwenye baraza, wanasema Mungu hajapanga. Hajapanga nini? Mungu aliwapa ulimi. Sisi tukawapa saa.

Ndiyo, sisi. Msimsingizie kinyozi, masikini ya Mungu, yeye ana saa moja tu. Sisi tunao wahudumu pale mlangoni wanaotazama viatu vyako kwanza ndipo wakuonyeshe kiti. Aliyeshuka kwenye gari tunampeleka mbele, feni inampepea. Fundi aliyezibua choo cha kanisa hili wiki iliyopita, tena alizibua vizuri, tumembana ukutani, anatusikia nusu. Mtoto akimaliza chuo hatumwulizi umejifunza nini. Tunauliza mahafali utavaa nini, na ukumbi umeshapata? Halafu akienda kwenye usaili akadanganya, tunashika mashavu: vijana wa siku hizi! Kwani alijifunzia wapi?

Kwa hiyo leo hatufungi kwa maombi ya kazi. Tumeziombea kazi miaka yote hii, Mungu si kiziwi. Leo kila asiye na kazi humu ndani atasimama na kutuambia anajua kufanya nini. Si cheti, si GPA, si anamjua nani. Anajua kufanya nini. Na ninyi wenye maduka, wenye karakana, wenye shule, wenye mashamba, mtanyamaza na kusikiliza mpaka wa mwisho aseme. Atakayetoka kabla ya hapo tutamwona mgongo.

Tunaanza na wewe, dada, uliyekaa nyuma ya nguzo. Ndiyo, wewe. Acha kwanza kurekebisha kilemba, hakina neno. Simama, dada yangu, na useme kwa sauti: unajua kufanya nini?