Shayiri ya Nyumba ya Wasioona

Wametusimulia waliotutangulia kwamba palikuwa na mji ambao liwali wake alikuwa akitoa shayiri na nyama kutoka Baitulmali kwa ajili ya nyumba ya vipofu wasio na jamaa. Nyumba hiyo iliendeshwa na Sheikh Nuumani, mtu wa ibada. Liwali akamteua Sitti Lubaba, mjane mchamungu, awe anakwenda kutazama kama amana ile inawafikia wenyewe. Sheikh ndiye aliyemsomesha Lubaba Kurani tangu utotoni, naye alimwita baba.

Sitti Lubaba aliihofu kazi ile, kwa kuwa mkaguzi akishalishwa, ulimi wake huwa mzito. Basi akawa anakwenda Jumatatu na Alhamisi tu, siku zake za kufunga sunna, ili asikirimiwe hata tende. Kila alipokwenda alikuta chungu kinafuka na vipofu wanakula nyama, akarudi akimshukuru Mola wake.

Alhamisi moja ajuza mcheshi wa nyumba ile, Bi Mahfudha, alimshika upindo wa nguo.

"Mwanangu, nina ombi. Funga kila siku."

"Kila siku, bibi? Kulikoni?"

"Ukifunga wewe, sisi tunakula. Ukila wewe, sisi tunafunga!"

Wenzake wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza ghafla, kama watu waliokumbuka kuwa kuta zina masikio.

Hapo Lubaba akaelewa. Saumu aliyoifanya ngao ilikuwa imegeuka mbiu ya kutangaza ujio wake.

Jumanne iliyofuata hakufunga. Aliingia bila hodi ndefu, akaketi mkekani pamoja nao, akasema, "Leo nami nipakulieni." Akaletewa uji wa pumba, mwepesi hata kitako cha bakuli chaonekana. Akaunywa wote.

Sheikh Nuumani akaja mbio. "Binti yangu, leo si siku yako."

"Kweli, baba. Leo ni siku yao. Shayiri yao iko wapi?"

Sheikh akamwonyesha dirishani mnara wa msikiti uliokuwa ukijengwa. "Wallahi sijala hata punje. Inawalisha mafundi wale. Ile ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, Lubaba. Utanishtaki kwa hilo, mimi niliyekufundisha Alhamdu?"

Machozi yalimtoka Lubaba, lakini hakuinamisha uso.

"Ulinifundisha pia kwamba amana hurudi kwa mwenyewe. Mnara hausikii njaa, baba. Nakwenda kwa liwali, na ningependa twende sote."

Sheikh hakwenda. Lubaba akaenda peke yake, akaeleza yote, hata habari ya siku zake mbili zilizojulikana na kila mtu. Liwali akaghadhibika.

"Basi msaada ukome! Nyumba ile isipewe tena kitu."

"Hasha, bwana wangu! Usiwaadhibu wenye njaa kwa kosa la mpakuaji. Wape kama ulivyowapa, lakini mlango wao usiwe na siku maalumu. Jirani yeyote, siku yoyote, aingie, aketi, aonje."

Liwali akatafakari, kisha akaamuru iwe hivyo. Tangu siku ile majirani wakawa wanaingia watakapo, na vipofu wakala Jumamosi kama walavyo Alhamisi.

Ama Sheikh, alikaa siku nyingi hasemi na Lubaba. Kisha yeye mwenyewe akawaachisha mafundi kazi, mnara ukabaki nusu. Wageni waliopita mjini wakauliza kwa nini mnara umekatika kiunoni, naye akawajibu, "Nusu yake ya juu imo matumboni mwa wenyewe."

Enyi wapenzi wa kheri, aliyeshika haki ya wanyonge asidhani kuulizwa ni kutukanwa, na aliyetumwa kuuliza asizibwe kinywa na heshima ya mtu. Mwenyezi Mungu atujaalie nyoyo zinazoridhia kuulizwa hapa duniani, kabla ya Siku ambayo hapana asiyeulizwa.