Kwa Nini Ngiri Huingia Nyumbani Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama mnaoumwa meno. Watoto nawasikia, lakini ninyi wakubwa mmekaa kimya, mnajifanya ngano ni ya watoto. Hii ya leo ni yenu kuliko yao. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu.

Hapo zamani za kale, zamani za kale kweli, wanyama walikuwa na nchi yao. Iliitwa Malambo, kwa sababu ilikuwa na malambo ya maji yasiyokauka hata kiangazi. Katikati ya nchi palikuwa na kichuguu kikubwa, na juu ya kichuguu palikuwa na kiti. Aliyekaa kitini ndiye aliyetawala. Kichuguu kilizungukwa na boma la miiba, na boma lilikuwa na mlango mmoja. Shikeni hapo: kiti kimoja, mlango mmoja.

Nje ya Malambo, huko kwenye nchi kavu, aliishi Fisi na ukoo wake. Fisi alitaka maji. Alitaka pia ndama wanaonyonya kando ya maji. Basi vita havikuisha.

Siku hizo kila ukoo ulikuwa na jemadari wake. Nyati walikuwa na wao, Pundamilia walikuwa na wao, hata Nyani walikuwa naye, tena mwenye maneno mengi kuliko wote. Fisi akija, jemadari wa Nyati anasema, "Mbele!" Wa Pundamilia anasema, "Nyuma!" Wa Nyani anasema, "Pandeni miti!" Haya, mwambie Nyati apande mti. Wakagongana wenyewe kwa wenyewe, pu, pu, pu, na Fisi akaondoka na ndama mdomoni.

Malkia wa Malambo alikuwa Bi Ndovu. Akawaita wote akasema, "Wanangu, sauti nyingi zinatumaliza. Nataka Mkuu wa Majeshi mmoja. Atavaa baragumu shingoni. Likilia, nyote mtasikia neno moja."

Wakasema, "Vema, Mama."

Wa kwanza kuvaa baragumu alikuwa Kifaru. Nguvu alikuwa nazo, nani atabisha? Taabu ni macho. Kila kilichotikisika alikishambulia. Alishambulia kichaka. Alishambulia kivuli cha wingu. Siku moja akashambulia harusi ya Swala, tifu tifu tifu, bibi harusi akakimbilia lamboni na maua yake kichwani. Bi Ndovu akamwita Kifaru, akamshukuru kwa ushujaa wake, akamvua baragumu taratibu.

Wa pili alikuwa Nyati. Huyu vita alivijua, nampa haki yake. Lakini Nyati alikuwa na tabia moja. Vita vikiisha, aliingia ndani ya boma akasimama uso umeelekea kiti. Leo anakitazama. Kesho anakitazama. Na macho yakishazoea kitu, makalio nayo huanza kudai.

Siku hiyo Bi Ndovu amekwenda kuoga lamboni. Nyati akapanda kichuguu, akakaa. Akaita askari wote waingie ndani. "Nilindeni," akasema. Wakamzunguka, nyuso zote kwake, mlango ukabaki mtupu. Jeshi la Malambo likawa linamlinda Nyati asiguswe na wenzake. Fisi alipoona hivyo hakukimbia hata. Aliingia nchini akitembea, na ukoo wake nyuma, na mwaka ule kando ya malambo hakikusikika kilio cha ndama.

Bi Ndovu alirudi na tope mwilini, akamshusha Nyati kwa mkonga mbele ya watu wote. Baragumu likabaki chini. Hakuna aliyetaka kuliokota, na hakuna aliyetaka mwenzake aliokote. Wanyama walikuwa wakimwogopa Fisi, sasa wakaogopa na jeshi lao.

Ndipo Bi Ndovu akasema, "Niitieni Ngiri."

Wakacheka, kwi kwi kwi. Mnamjua Ngiri. Uso una manundu, meno yamechomoza nje, miguu mifupi, na akikimbia mkia unasimama wima kama ufito. Sungura, ambaye hakosekani popote penye mkubwa, akasema, "Mama, huyu atamfukuza Fisi kwa sura?"

Bi Ndovu akamwuliza Ngiri, "Nikikupa baragumu, utasimama wapi?"

Ngiri akasema, "Mlangoni, Mama. Uso nje, mgongo kwako."

Mgongo kwa Malkia? Katika Malambo hata mtoto anayenyonya alijua: ukiaga mbele ya kiti unatoka kinyumenyume, humpi mwenye kiti mgongo. Mzee Kobe, mkuu wa baraza, akachomoa kichwa chote nje kwa hasira. "Huyu kalelewa na nani? Atamwelekezea Malkia mkia?"

Ngiri akainama. "Shikamoo, mzee wangu. Sina dharau. Lakini mlinzi anayetazama ndani, huyo halindi, anachungulia. Na mimi sina macho kisogoni."

Bi Ndovu akacheka mpaka masikio yakapiga upepo. Akamvisha baragumu kwa mkonga wake mwenyewe. "Baragumu ni lako," akasema, "lakini neno la vita ni la kiti. Usilipulize kwa ajili yako."

"Nimesikia, Mama."

"Na mlango usiuache."

"Siuachi, Mama."

Na kweli hakuuacha. Kazi yake ya kwanza mnajua ilikuwa nini? Alituma watu wamtafute Nyati kule alikojificha na aibu yake. Akamwambia, "Kaka, kukaa hujui, lakini kupigana unajua. Njoo ushike upande wa kulia." Nyati akalia, akaja. Pundamilia wakashika kushoto. Nyani nao Ngiri akawaambia, "Ninyi pandeni miti," na kwa mara ya kwanza amri hiyo ikawa na maana, kwa kuwa wakawa macho ya jeshi. Kila mmoja alipewa kazi anayoiweza. Maji wakinywa, Ngiri alikunywa wa mwisho. Mimi mkubwa wa namna hiyo nampenda, sifichi.

Miaka ikaenda. Malkia na Mkuu wake walizungumza kila siku bila kutazamana. "Mkuu, leo mkia wako una vumbi," Bi Ndovu alisema kwa nyuma. "Ni vumbi la mlangoni, Mama." Ngiri alimjua Malkia kwa hatua zake, kwa pumzi yake, kwa kikohozi chake. Akampenda kama mama aliyemzaa.

Kisha kiangazi kikaja kirefu, na kikohozi kikazidi. Adhuhuri moja Bi Ndovu akaita kwa sauti ndogo, "Mkuu, uko hapo?"

"Nipo, Mama."

"Umenipa mgongo?"

"Nimekupa mgongo, Mama."

"Basi nitalala. Nisikilize. Nikiondoka, baraza litachagua. Kiti kikiwa kitupu Fisi atakuja. Neno langu la vita nakuachia hili hapa: linda mlango mpaka mwenye kiti akae."

"Nimesikia, Mama."

Akalala, hakuamka. Wanyama wote wakapita mbele yake kumuaga. Ngiri peke yake hakumwona. Alilia palepale mlangoni, machozi yakapita katikati ya manundu, na kwa kuwa uso ulikuwa nje, aliyeyaona ni Fisi tu, aliyejilaza mbali majanini. Fisi akawaambia wenzake, "Subirini. Aliyefiwa lazima atageuka. Akigeuka tu, tunaingia."

Baraza likaanza kikao. Kikao cha Mzee Kobe, na haraka yake mnaijua. Jua likawaka. Malambo yakapungua. Watu wakachoka kungoja. Ndipo Sungura akaenda mlangoni, akasema na ule mkia.

"Mkuu, kiti kinashika vumbi. Baragumu unalo, askari unao, watu wanakupenda. Geuka tu, upande, ukae."

"Baraza linakaa," Ngiri akasema.

"Baraza la Kobe? Tutakufa kwa kiu hawajamaliza kusalimiana."

Wanyama wakamsikia, wakaona kweli, wakamwimbia. Na ninyi nisaidieni, msinitazame tu:

*Ngiri geuka ee, kiti ki wazi,*
*Ngiri geuka ee, ushike kazi.*

Naye akajibu:

*Kazi ninayo ee, mlango ni wangu,*
*Kiti si changu ee, wala cha ukoo wangu.*

Wakaimba tena, kwa nguvu zaidi. Hata askari wakaimba. Halafu akaja mkewe, na watoto wao midomo imekauka. Akasema polepole, "Baba watoto, ungekaa wewe, hawa wangekunywa wa kwanza."

Msidhani hakutamani. Siwasimulii malaika hapa, nawasimulia Ngiri. Miguu ilimwuma. Koo lilikauka. Watoto walikuwa wake. Na moyoni alisema, nitakaa kidogo tu, mpaka mvua. Nyati naye alisema hivyohivyo, kidogo tu. Mguu mmoja wa mbele ukanyanyuka.

Pale mbele, majani yakatikisika. Upepo haukuwepo.

Ngiri akarudisha mguu chini. Akatazama vizuri. Aliona sikio. Aliona sikio jingine. Aliona majani yote, kutoka kilima hiki hadi kile, yamejaa masikio. Ukoo mzima wa Fisi ulikuwa pale, umelalia matumbo, unangoja jambo moja tu, ageuke.

"Mke wangu," akasema, "chukua watoto uingie ndani." Sauti yake haikupanda. "Nyati, kulia. Pundamilia, kushoto. Nyani, juu. Mnaoimba, nyamazeni."

Kwa neno la Malkia, akapuliza. Puuu! Pu-puuu!

Fisi wakainuka wote kwa mara moja. Kama jeshi lingekuwa ndani limekizunguka kiti, leo nisingekuwa na hadithi, maana wasimulizi wangeliwa. Lakini jeshi lilikuwa nje, na nyuso zilikuwa nje. Nyati akawapokea kwa kichwa, gubu. Pundamilia wakawapokea kwa mateke, pa, pa, pa. Nyani wakawanyeshea matunda magumu. Waliofika mlangoni walimkuta Ngiri. Walimng'ata bega, akasimama. Walimrarua sikio, akasimama. Kumpita hawakumpita. Mwisho Fisi mwenyewe akageuka akakimbia, na tangu siku ile makalio yake yameshuka chini kwa hofu ya kugongwa nyuma.

Vumbi likatua. Sungura alikuwa chini ya kiti. Waliokuwa wakiimba waliutazama ule mgongo wenye damu, wakaona haya.

Mzee Kobe akatoka, tole tole, akasema, "Baraza limemaliza. Tumemchagua Twiga."

Ngiri akauliza, "Amekaa?"

"Anapanda."

"Nitangoja."

Twiga akapanda kichuguu, akakaa. "Amekaa," Kobe akasema. Akaongeza, sauti imempungua, "Na mkia wako ule, mwanangu, niliutukana. Nisamehe."

"Yameisha, mzee wangu."

Ngiri akapuliza baragumu mara moja kwa heshima, bila kugeuka. Twiga, Mfalme mpya, akasema, "Mkuu, umetuokoa. Geuka basi nikuone uso, nikushukuru."

Ngiri akasema, "Niwie radhi, Baba. Siku ukiniona uso, ujue mlango hauna mtu."

Twiga akateremka kitini, Mfalme mzima, akazunguka hadi nje ya mlango. Akakunja miguu, akainamisha ile shingo ndefu mpaka vumbini, akamshukuru Mkuu wa Majeshi kwa mbele. Na siku ile aliagiza watoto wa askari wanywe wa kwanza.

Ngiri alitumika mpaka meno yakapinda kwa uzee. Siku ya kustaafu alimvisha baragumu kijana wa ukoo wa Pundamilia, akamsimamisha mlangoni, akamgeuza uso nje kwa mikono yake. Kisha akaenda kwake, kwenye shimo lake, mkono mtupu. Alipofika akageuka, akaingia kinyumenyume.

Mkewe akasema, "Miaka yote nimekungoja urudi, na unaniletea mkia?"

Ngiri akasema, "Mama watoto, nikikupa uso, nani anaangalia nje?"

Mkewe akacheka, akamsogezea mgongoni majani ya kulalia. Watoto wakamwona baba yao, wakaiga. Na ukienda mbugani leo utawaona, kila ngiri anaingia shimoni kwake kinyumenyume, uso nje.

Funzo lake sitalifunga kwenye kitambaa. Mwenye silaha za nchi akiwapa mgongo, mshukuruni, maana anamtazama adui. Akiwageuzia uso na kuanza kukitazama kiti, shikeni watoto wenu. Na ninyi mnaopenda kuimba geuka, geuka, tazameni kwanza majani.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Anayetaka kwenda nayo nyumbani, aingie nayo kinyumenyume.