Mwarobaini Mtamu

Paliondokea jumbe mmoja, Mwinyikai, aliyeutamani mwarobaini wa Bi Siwatu, tabibu wa homa.

"Mti huu aliupanda babu yangu!" akadai mbele ya kijiji kizima.

Bi Siwatu hakubisha. Alichemsha majani ya mti ule, akamimina bakuli tele. "Kunywa, Jumbe. Kwa mwenye mti dawa hii ni tamu, kwa mwizi ni chungu."

Jumbe akagugumia. Machozi yakamlengalenga, masikio yakamcheza.

"Vipi, baba?"

"Ta... tamu! Kama asali!"

"Kweli?"

"Naapa!"

"Jamani, mmesikia," akasema Bi Siwatu. "Mti wa babu yake ni mtamu. Huu wangu, onjeni, ni mchungu hadi mizizini. Haya Jumbe, kautafute wako."