Jina Refu la Mkurugenzi

Korogwe palikuwa na fundi vitanda aitwaye Mwanamvua, mwenye karakana katika fremu ya kupanga na tovuti iliyoitwa Kitanda, basi. Wateja waliandika neno hilo moja kwenye simu, wakamfikia.

Siku moja akaingia Mkurugenzi Shemahonge, tajiri wa maduka ya samani na mwenye hiyo fremu.

"We mama, hilo jina la tovuti nalitaka. Usiponipa, kesho toa randa zako humu."

"Chukua, baba," Mwanamvua akajibu, wala hakuacha kupiga randa. "Ila mie naona haya. Mtu mzima, Maka umekwenda, watoto umejaaliwa, halafu uitwe Kitanda tu?"

Shemahonge akajikuna kidevu. "Kwani wakubwa huitwaje?"

"Wakubwa hawafupishwi. Tunaofupishwa ni sisi wenye njaa."

"Basi weka cheo changu. Na Hija yangu. Na wanangu!"

Mwanamvua akajikung'uta vumbi la mbao, akamsajilia jina la tovuti palepale kwenye simu: mheshimiwaalhajimkurugenzisaleheshemahongenawanawe. Tajiri akalisoma kwa sauti mara mbili, akatoka kifua mbele.

"Hilo la kimaskini baki nalo wewe!"

Baada ya miezi miwili akarudi amefura. "Kwako foleni, kwangu hata nzi hatui! Wateja wangu wa mtandaoni wako wapi?"

"Wapo, Mheshimiwa," akasema Mwanamvua, huku akipima mbao za mteja. "Bado wanaandika jina lako."