Mtambo wa Mvuke na Pumzi ya Dakta Mwamini

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii ina hukumu mwishoni na hukumu yenyewe ni yenu. Sitaki mtu aje kuniambia hakusikia.

Palikuwa na bonde mpakani, Kongo, Rwanda na Uganda zinapokutana, na ardhi ya bonde hilo ilifuka mvuke. Nchi hizo zikaona kuliko kila moja ichimbe kivyake na kuwaficha wenzake, bora zitafute kwa pamoja namna ya kugeuza lile joto la chini kuwa umeme usiochafua hewa. Kila nchi ikatoa mtaalamu wake. Na ili wasije wakagombana, wakawekewa mkubwa kutoka nchi ya nne: Dakta Mwamini, mzaliwa wa Ujiji, mwanamke mpole, mwenye tabia ya kunyamaza katikati ya maneno akianza kufikiri. Hiyo tabia ishikeni.

Kambale wa Kongo alijaliwa masikio. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mitikisiko ya ardhi kwa vyombo, lakini hata bila vyombo angekuambia ni gari gani linapanda mlima na nani analiendesha. Uwera wa Rwanda alijaliwa mapafu. Alikulia ziwani akipiga mbizi, na ndiye aliyetunza mitungi ya hewa. Tumwebaze wa Uganda alijaliwa mikono. Kabla ya kusomea mabomba ya mvuke alikuwa muuguzi, na alikuwa mbishi hasa mbele ya kifo.

Miaka ikapita, mtambo ukakamilika. Mmoja tu, wa majaribio, mdogo, unaotosha kuwasha mahali pamoja. Aliyepaswa kuamua uanzie wapi ni Dakta Mwamini. Wengine wangesubiri, na hakuna aliyejua watasubiri mpaka lini.

Sasa sikieni. Kwa kina Kambale wanawake walijifungua kwa mwanga wa simu, na dada yake alifia mikononi mwa mkunga asiyeona damu inatokea wapi. Kwa kina Uwera kulikuwa na wodi ya watoto wasioweza kupumua bila mashine, na jenereta ilipokosa mafuta mashine zilizima. Kwa kina Tumwebaze kisima safi kilikuwepo, pampu haikuwa na umeme, watu wakanywa maji ya bwawa na kipindupindu kikarudi kila masika. Dakta Mwamini aliogopa mpaka chakula kikamshinda. Popote atakapowasha, kuna kwingine atakuwa amepaacha gizani, na watu watakufa.

Tena bonde lenyewe lilikuwa na kitisho chake. Wenyeji wanakiita mazuku: hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, inayotoka ardhini na kutuama mashimoni kama maji kwenye sufuria. Ukisimama, kichwa kiko juu yake. Ukiinama, umekwisha. Kwa hiyo wataalamu wale walijiwekea desturi kwamba anayeshuka shimoni aongee bila kukoma, hata kama ni upuuzi, na walio juu wamsikilize.

Asubuhi ya siku ya kutangaza, upepo ukiwa haujaamka, Dakta akashuka kwenye shimo la kisima cha mvuke kukagua kipimo cha mwisho. Akawa anaongea juu ya migebuka, samaki wa ziwani kwao, anayopika mama yake. Unakaanga kitunguu, unatia mawese, halafu... Wazo la uamuzi likampitia, akanyamaza.

"Dakta ameanza kufikiri," Tumwebaze akasema, na juu wakacheka.

Akajirudi, akaendelea na migebuka yake. Akanyamaza tena, wakacheka tena. Mara kipimo kikamponyoka mkononi, naye bila kukumbuka akainama kukiokota.

Akaanguka. Alitaka kumwita mama yake, mdomo ukakataa. Alisikia vicheko vya wenzake pale juu, karibu kabisa, na hofu iliyomshika ni kwamba wapo, wanampenda, na hawajui kama anakufa. Yaliyofuata alikuja kusimuliwa.

Kambale aliinua mkono. "Hebu kimya. Huyu hafikiri. Akifikiri huwa anahema kwa pua, na mimi sisikii kuhema." Wangeendelea kucheka kidogo tu, wangeopoa maiti.

Uwera akavaa mtungi uliokuwa na hewa kidogo, kwa sababu iliyojaa ilikuwa mbali. Tumwebaze akamfunga mikanda. "Nikikawia msinifuate," akasema, akashuka. Mazuku yalikuwa yanapanda. Chini huko mtungi ukaisha, akabana pumzi, akamfunga Dakta kamba, wakamvuta. Yeye alipanda ngazi peke yake, akatoka anatapika na kulia.

Tumwebaze akapokea mwili wa baridi. Kambale akavua kofia. "Ameshakwenda, ndugu yangu." Tumwebaze alikandamiza kifua, akapuliza pumzi, akakandamiza. Ubavu ukavunjika, kila mtu akausikia. Uwera akamshika bega. "Kaka, mwache apumzike." Akaendelea, machozi yakimdondokea mgonjwa usoni, mpaka Dakta akakohoa.

Siku za ugonjwa wake hakuna aliyemkumbusha deni. Kambale alimletea uji, Uwera alimsuka nywele, Tumwebaze alimfunga bandeji, na kila mmoja akimaliza anainamisha macho na kuondoka. Laiti wangedai, angepata hata wa kumkasirikia.

Nawaona mnavyonitazama. Mnataka kusema ugawanywe, nimesema haugawanyiki. Basi apige kura ya bahati? Haya, nenda wewe ukamwambie mama anayetokwa damu gizani kwamba bahati haikuwa yake. Ajiuzulu, aamue mwingine? Huyo mwingine hajui bei ya pumzi.

Siku mpya ya kutangaza ikafika. Ukumbi ukajaa watu wa pande zote, mkunga wa kina Kambale, mama wa wodini kwa kina Uwera, wazee waliozika wajukuu kwa kina Tumwebaze. Dakta Mwamini akasimama, mkono kwenye mbavu.

"Mtambo wetu," akasema, "utaanza kuwaka kwa kina..."

Akanyamaza.

Hakuna aliyecheka. Kambale alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza pumzi ya Dakta, naye ndiye aliyesema.

"Dakta, ongea. Ukinyamaza sisi tunaogopa."

Hapo ndipo nilipomwacha, amesimama, mdomo wazi. Mmoja alimsikia, mmoja alimfuata, mmoja alikataa kumwachilia. Haya, wewe uliyekohoa pale nyuma, tuanze na wewe. Ungekuwa ndiye Mwamini, ungemalizia kwa jina la nani?