Ukwato wa Mzee Kongoni

Mwaka ule mvua zilikatika kabisa, na majani mabichi yakabaki mahali pamoja tu: kandokando ya Bwawa la Kisiki, mali ya Simba. Simba, kwa kuwa alipenda kusifiwa, akatangaza kwamba majani hayo ni ya wote waliolemaa katika Vita vya Kivuko, walipompigania dhidi ya mbwa-mwitu. Kazi ya kuthibitisha vilema akampa karani wake, Fisi.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Kongoni. Mguu wake wa nyuma, wa kushoto, ulibaki kule kivukoni, na mbavu zake sasa zilihesabika kwa mbali. Fisi akamwandika Nyumbu. Kongoni akamsahihisha kwa upole. Fisi akafuta, akalitazama lile pengo, akasema, "Naona mguu haupo, mzee wangu. Lakini kutokuwapo si ushahidi. Ulete."

Kongoni akachechemea siku mbili hadi kivukoni, akarudi na mfupa wa muundi mdomoni. Fisi akaupokea kwa heshima, akaingia nao katika pango la kumbukumbu. Kesho yake akajibu kuwa ombi limekataliwa, kwani hakuna mfupa wowote uliowasilishwa.

Kongoni akakata rufaa. Simba hakujua kusoma, wala hakutaka ijulikane. Akanguruma kuwa jalada lirudi kwa karani, ushahidi uongezwe. Kongoni akaleta mfupa wa paja. Nao ukaingia pangoni, na rufaa ya pili ikarudishwa vilevile. Wakati huo Fisi alikuwa amenenepa, jambo la ajabu katika ukame ule.

"Umebakiwa na nini, babu?" Sungura alimuuliza Kongoni walipokutana njiani.

"Ukwato tu. Nikishaupeleka huo, mjukuu wangu, safari nyingine siiwezi."

"Upeleke. Ila niachie kwanza niusafishe."

Sungura akaujaza ukwato kokoto ngumu, akaupaka mafuta juu. Fisi akaupokea, akashukuru, akaingia ndani. Kongoni, aliyekuwa bado mlangoni, akasikia mlio kama wa gogo kavu likivunjika.

Fisi akatoka mdomo umevimba, akaenda moja kwa moja kwa Simba kudai fungu lake la bwawa. Alisema ameumia akiwa kazini, na meno manne yamekwenda. Kongoni na Sungura wakamfuata polepole hadi barazani.

"Umeumizwa na nini?" Simba akauliza.

"Na ukwato wa huyu mzee, Mtukufu. Ulijaa mawe ndani."

"Na Bwana Karani aliyajuaje ya ndani?" Sungura akauliza kwa adabu.

Baraza zima likaangua kicheko. Simba, ambaye hakuvumilia kuchekewa barazani pake, akampa Kongoni ruhusa ya bwawa papo hapo, na kumvua Fisi ukarani. Lakini ombi la Fisi hakulikataa, maana sheria ni sheria. Alimwagiza tu ayalete hayo meno manne.

Mzee Kongoni alikuwa ameshainamisha shingo majanini Fisi alipokiri, kwa sauti ndogo, kwamba alikuwa ameyameza.